Shubiri ya Kumwachisha Lea

Simu ya mama mkwe ilikuwa fupi. Faustina hana tabia ya kupoteza salio kwa mtu asiyempenda.

"Kamwene, mama Danieli. Lea ana mwaka na miezi mitano sasa, imetosha. Ijumaa nakuja kumwachisha ziwa." Akakata.

Matilda alibaki na simu sikioni, pini mbili mdomoni, sare ya mtoto wa watu ikiwa nusu kwenye cherehani. Akazitema zile pini mezani. Hakuwa na haja ya kuuliza bibi anakuja kukaa siku ngapi. Siku kumi. Ndizo alizokaa safari ile ya Danieli.

Habari ya Danieli lazima isemwe kwanza, maana bila hiyo mtamwona Matilda mwendawazimu. Danieli ni mwanawe wa kwanza. Alipofikisha mwaka na nusu, Faustina alikuja hapa Iyunga kutoka Ifunda, huko Iringa, akamhamisha Matilda akalale kwa jirani, akabaki na mtoto yeye mwenyewe. Mtoto akalia hadi sauti ikakauka. Matilda akalia upande wa pili wa ukuta. Crispin, mume na baba, alikuwa kazini Mgololo kwenye kiwanda chake cha karatasi, ambako huwa yupo kila anapohitajika nyumbani. Siku ya kumi mtoto alikuwa ameshasahau ziwa. Faustina akamfunga mgongoni, akasema anakwenda naye wiki mbili tu.

Wiki mbili! Danieli sasa ana miaka sita, anasoma darasa la kwanza Ifunda, na akipewa simu anasema, "Shikamoo, mama wa Mbeya." Mama yake ni Faustina. Matilda ni mama wa Mbeya, kama viazi.

Na kwa nini siku kumi? Kwa sababu Faustina ana miiko yake, na kwa hilo lazima tumsifu, haivunji. Kwao mtoto haondolewi kwa mama yake akiwa bado na hamu ya ziwa. Ukimbeba akikililia kifua alichokiacha, atakuugulia njiani, na ukoo mzima utakunyooshea kidole. Kwa hiyo kwanza anaachishwa, papo hapo kwa mama yake, mpaka asahau. Kisha anabebwa.

Matilda alikaa siku nzima akiipigia hesabu Ijumaa hiyo. Bibi anakuja kuachisha. Akikuta mtoto ameshaachishwa, atakuwa na kazi gani tena? Atakunywa chai, atasalimia kuku, ataenda zake. Siku ile ya Jumatatu hesabu hiyo ilionekana safi kabisa. Alitamani hata kucheka.

Dawa ya kuachishia alikuwa nayo nyuma ya jiko. Watu wengi pale mtaani wanaiita alovera, lakini aliyempa mbegu, dada Zuena wa nyumba ya tatu, anaiita shubiri kama alivyoikuta kwa bibi yake Tanga. Zuena anauza vitenge mjini na hampi mtu kitu bila maelekezo. Alimpa chipukizi moja dogo na hotuba ndefu: changanya udongo na mchanga na majivu, usimwagilie kama mchicha, itaoza, na baridi ya mwezi wa sita ikifika ifunike na kiroba. Matilda alitii kila neno. Chipukizi lilizaa machipukizi, na sasa uzio wote wa nyuma ulikuwa shubiri tupu, majani manene yenye meno pembeni. Kuku wakianza kusinzia alikata jani akaliloweka kwenye maji yao ya kunywa. Pasi ya mkaa ikimuunguza vidole, na kila wiki inamuunguza, alipaka ule ute wa ndani maumivu yakapoa.

"Ute huo hautakusaidia kwa Lea," Zuena alimwambia jioni ile. Walikuwa wamesimama kwenye uzio. "Huo wa ndani unateleza tu, hauna uchungu wa maana. Unayoyataka wewe ni yale maji ya njano yanayotoka kwenye ngozi ya jani. Na kidogo, unanisikia? Ukizidisha mtoto ataharisha mpaka umkimbize hospitali. Lakini Matilda, mwaka na miezi mitano? Kwetu ni miaka miwili kamili. Nani anakufukuza?"

"Mama mkwe."

"Aah," Zuena akasema, na hakuuliza zaidi. Wote mtaani wanamjua Faustina.

Jumanne asubuhi Matilda alikata jani la chini kabisa, lile kuukuu, akalisimamisha kwenye kikombe cha bati upande uliokatwa ukiwa chini. Maji ya njano yakachuruzika taratibu, yakajaa kama kijiko kimoja. Yalinuka vibaya. Akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema mara tatu na bado uchungu ukamfuata hadi kooni. Akafungua blauzi, akapaka pande zote mbili kwa kidole. Alijiona mchawi, na alijichukia, akapaka hivyo hivyo.

Lea alikuja mbio kama kila asubuhi, mikono juu, anacheka. Akapanda mapajani, akafungua kinywa, akavuta.

Jamani, kuna sura mzazi hapaswi kuiona. Mtoto hakulia mara moja. Alimtazama mama yake kwanza, mdomo wazi, mate ya njano yakimtoka, kama anauliza kama ni bahati mbaya. Akajaribu tena. Ndipo akapiga kelele. Matilda akamwambia, "Chungu, mwanangu. Ziwa chungu." Lea alikuwa na maneno sita hivi ya kwake, na siku hiyo akajifunza la saba.

Alirudi saa nne, akarudi mchana, akarudi jioni, na kila mara alikuta uchungu. Jumatano alijaribu mara moja tu. Alhamisi hakujaribu kabisa, na Matilda akimpakata alijisukuma mbali na kifua kwa viganja viwili, anasema, "Chugu." Uji alikunywa, viazi alikula. Ameachishwa. Matiti ya Matilda yalikuwa magumu, yanawaka, akayafunga kwa majani ya kabichi na kanga na kuendelea kushona huku ameuma meno. Alijiambia inatosha, sasa huyo mama na aje.

Na alikuja. Ijumaa saa saba mchana, mkoba mkubwa begani, bila hodi. Faustina hajawahi kubisha hodi kwenye nyumba ya Crispin. Aliketi, akapokea shikamoo kama mtu anayepokea chenji pungufu, akatazama dari, akatazama cherehani, akatazama miguu ya mkwewe. Kisha akasema, "Haya, mlete."

"Ameshaacha," Matilda akasema. Alikuwa amelifanyia mazoezi neno hilo siku nne. "Nimemwachisha mwenyewe, kwa shubiri. Leo siku ya nne, hataki hata kuliona ziwa. Pole kwa safari, mama. Kama ungenipigia tena kabla ya kupanda basi ningekwambia usisumbuke."

Faustina alimwita Lea, akampakata, akamgeuza uso kwa Matilda. "Nenda ukanyonye kwa mama." Lea akamtazama Matilda kifuani, akakunja uso, akasema neno lake la saba, kisha akajificha kwenye bega la bibi aliyemwona mara mbili tu maishani.

Ndipo Faustina akacheka. Alicheka kwa raha, mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Umenipunguzia kazi, mama Danieli. Mimi nilijipanga siku kumi, hata kuku wangu nimewaacha kwa jirani. Kumbe kazi umeshaimaliza! Basi kesho asubuhi naondoka naye."

Matilda alisikia maneno hayo, na kwa muda hayakumwingia. Kisha yakamwingia yote kwa pamoja. Zile siku kumi ndizo zilizokuwa ukuta wake. Ndani ya siku kumi angeweza kumpigia Crispin, kuita wazee wa kanisa, kuugua, kufanya lolote. Yeye mwenyewe, kwa kidole chake, alikuwa ameubomoa ukuta na kumfagilia mgeni njia.

"Lea haendi popote," akasema.

"Haendi popote kwa nini? Ananyonya?"

"Ni mwanangu."

"Ni wa ukoo. Wewe unakaa na cherehani kutwa nzima, mtoto anacheza kwenye pini. Danieli wangu ananenepa, anasoma, anaongoza sala. Huyu utamfanya nini? Umpake shubiri nyingine?"

"Danieli si wako!"

"Muulize yeye mwenyewe."

Tusi hilo lilimpata pale lilipolengwa. Matilda akasimama, akamshika Lea kwapani ili amchukue, na Faustina, mwanamke mjanja kuliko wote niliowahi kusikia habari zao, hakumng'ang'ania. Alimwachia tu, akakunja mikono. Lea alipojikuta kifuani kwa mama yake, kwenye joto na harufu ileile iliyomdanganya tangu Jumanne, alipiga kelele ya hofu. Alimpiga mama yake matitini kwa ngumi, "Chugu! Chugu!" huku amenyoosha mwili mzima kumwelekea bibi. Matiti yale yalikuwa yanauma hata kwa kuguswa na kanga. Matilda akamrudisha mtoto. Alimrudisha mwenyewe, kwa sababu hakuvumilia kuogopwa.

Crispin alipigiwa simu, ikawekwa sauti ya juu katikati ya meza. Mashine zilisikika zikinguruma nyuma yake.

"Matilda, ni wiki mbili tu," akasema.

"Ulisema hivyo kwa Danieli."

"Sasa mama akishasema mimi nifanyeje? Mama ni mama. Usiniletee ugomvi kazini."

"Umesikia," Faustina akasema, akabonyeza kitufe cha kukatia kwa kidole gumba, tena kwenye simu ya Matilda.

Jumamosi saa mbili asubuhi Faustina alitoka na Lea mgongoni, mkoba mkononi, nguo za mtoto zimefungwa kwenye kitenge cha Matilda ambacho hakukiomba. Matilda alisimama mlangoni. Lea alimpungia mkono, kama anakwenda dukani na kurudi.

Matilda alirudi ndani akaketi kwenye cherehani. Akakanyaga, uzi ukakatika. Akautunga, ukakatika tena. Nje, mjukuu wa Zuena, kachanga ka miezi miwili, kalianza kulia njaa, na kilio kile kilipita ukutani kikaingia mwilini mwake bila ruhusa. Akasikia maumivu makali yakishuka kifuani, kisha joto, kisha maji. Alipotazama chini, blauzi ilikuwa imelowa mpaka kiunoni.

Maziwa! Siku ya tano, na kabichi zote zile, na bado yapo. Alikaa anayatazama yakidondoka kwenye sare ya mtoto wa watu. Mtoto haondolewi akiwa na hamu ya ziwa. Mwiko ule ni wa Faustina mwenyewe, na Faustina hawezi kuuvunja, anauogopa kuliko anavyoogopa maaskofu.

Akachukua kipande cha sabuni na chupa ya maji, akatoka mbio hata mlango hakufunga. Pikipiki aliyoipata ilikuwa na abiria anayeteremka, akapanda kabla mguu wa pili wa yule haujagusa chini. "Uyole, stendi," akasema. "Kimbia, kaka, mtoto wangu anaondoka."

Aliwakuta. Basi la Iringa lilikuwa bado linajaza. Faustina alikuwa ameketi kwenye benchi la mama ntilie, Lea mapajani, anamlisha chapati iliyolowekwa kwenye chai. Alipomwona mkwewe anakuja na blauzi iliyolowa na nywele zimesimama, akamkumbatia mtoto.

"Umefuata nini?"

Matilda alipiga magoti palepale kwenye vumbi, mbele ya benchi, mbele ya wapiga debe na abiria na wauza karanga, akafungua vifungo vyote. Mtu mmoja akapiga mluzi. Mama ntilie akamtupia mpiga mluzi huyo tusi la haja, akauacha mwiko wake wa ugali, akaja kusimama kumkinga kwa upana wa mgongo wake. Matilda alimwaga maji kifuani, akasugua kwa sabuni, akasuuza, akasugua tena. Yale maji ya njano hung'ang'ania. Alisugua mpaka ngozi ikawa nyekundu na maji ya chupa yakaisha.

"Huna aibu?" Faustina akasema kwa sauti ya chini. "Mke wa mtu, mbele za watu?"

"Sina. Lea. Lea wangu. Njoo."

Lea alimtazama. Hakucheka, hakusogea. Alitazama kifua, akatazama uso, na Matilda akaona anakumbuka kila kitu.

"Chugu," mtoto akasema.

"Hapana. Si chungu tena. Tazama mama." Akakamua ziwa, maziwa yakatoka, akayapokea kwenye kidole na kukitia mdomoni mwake mwenyewe. Kweli palikuwa bado na uchungu kidogo, nyuma, kwa mbali. Hakuonyesha. Alitabasamu na machozi yanamtoka, akalamba kidole chote, akakamua tena, akanyoosha mkono kumpelekea.

Faustina alitaka kumgeuza mtoto. Lakini Lea alikuwa ameshatoa ulimi. Aligusa. Alikaa akifikiri, mdomo ukichezacheza, na stendi nzima, jamani, wapiga debe wa Uyole wale wale wasionyamaza hata msibani, walinyamaza. Kisha mtoto akateleza kutoka mapajani kwa bibi yake, akatembea hatua tatu zake fupi, akashika ziwa kwa mikono miwili, akavuta. Akaacha. Akamtazama mama yake kwa hasira. Akavuta tena, na mara hii hakuacha.

Matilda alikaa chini kabisa, mavumbini, akamkumbatia. Maumivu yalikuwa ya kumtoa roho na hakutaka yaishe.

Kwenye benchi la pembeni palikuwa na mama mmoja mtu mzima, amejifunga shuka la kijani, mizigo ya kwenda Iringa imemzunguka. Alimgeukia Faustina akamsalimia kwa lugha ya kwao, kwa heshima yote. Kisha akasema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, "Mama, huyu mtoto bado ananyonya. Ulikuwa unamwondoaje?"

Faustina alikuwa hajawahi kuulizwa swali hilo, yeye ndiye huwauliza wengine. Watu wakaanza kuguna. Mama ntilie akasema, "Mwachieni mtoto anyonye, bwana," na muuza karanga akaitikia, na hata yule wa mluzi akasema ni kweli, mtoto ni wa mama yake. Stendi yote ikawa ya Matilda.

Faustina akasimama, akaokota mkoba. Kile kitenge chenye nguo za mtoto alikitupa chini, kikafunguka.

"Sawa. Leo umenishinda kwa kuvua nguo," akasema. "Nitarudi Pasaka. Pasaka ukimficha, nitarudi mwezi wa sita. Siku atakayoacha, siku hiyo hiyo nipo mlangoni kwako. Utamnyonyesha mpaka lini, wewe? Eh? Niambie mbele ya hawa rafiki zako. Mpaka lini?"

Matilda alimtazama kutoka pale chini. Hasira ya miaka minne na nusu ilikuwa imekaa mahali pamoja, tayari, wala hakuhitaji kuitafuta.

"Mpaka ufe, mama," akasema.

Hakuna aliyeguna tena. Mama mwenye shuka la kijani alishika mdomo, kisha akaanza kukusanya mizigo yake kuisogeza mbali. Mama ntilie aliyekuwa amemkinga kwa mgongo aliutazama ugali wake, akakumbuka kwamba unaungua, akarudi jikoni. Faustina alibaki amesimama kwa muda, uso umemjaa rangi ya jivu, mtu wa miaka sitini na saba aliyetakiwa kifo na mke wa mwanawe hadharani. Kisha akapanda ngazi za basi polepole, akishika vyuma pande zote mbili, na konda hakumsaidia kwa sababu konda naye alikuwa anamtazama Matilda.

Matilda alibaki kwenye vumbi, kifua wazi, hakuna wa kumkinga. Lea alimaliza upande mmoja, akapumua, akahamia wa pili.